Nani Alijenga Ngazi za Nkanka

Mara ya kwanza aliponifutia nilidhani ni umeme. Hapa Kamembe umeme ukikatika unaondoka na kila ulichokuwa hujahifadhi, na tabia hiyo nimeshaizoea, siilaumu tena. Basi nikakaa, nikaandika upya aya yangu yote juu ya ngazi za mawe za Nkanka, nikabonyeza kitufe, nikaenda kumtolea mteja fotokopi ya kitambulisho. Niliporudi, aya haikuwepo. Safari hii kulikuwa na maneno pembeni: "Nimeondoa. Hakuna chanzo."

Nilisimama mbele ya kompyuta mikono kiunoni. Hakuna chanzo? Mimi niliyepanda na kushuka ngazi zile mpaka nayajua mawe yanayoteleza, mimi si chanzo? Mteja mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake akaniuliza kama nimepata habari ya msiba. Nikamwambia ndiyo, kuna mtu huko duniani ameniambia sijaona nilichokiona.

Nina sekretaria, kijichumba kimoja kando ya barabara inayokwenda kiwanja cha ndege. Ndani mna kompyuta mbili, mashine ya fotokopi yenye kelele kuliko ndege yenyewe, na benchi la wateja. Naandikia watu barua za kuomba kazi, ripoti za koperativi, yaani vyama vya ushirika, mialiko ya harusi, kazi za wanafunzi za kumalizia chuo. Nilizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto, upande wa Congo, kwa wazazi Wanyarwanda, na nilirudi huku mtu mzima. Kiswahili cha Bukavu nilikinyonya. Cha vitabu nilipigwa fimbo mpaka kikaingia. Kwa hiyo mtu asije kunifundisha kuandika.

Hiyo kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuandika, niliijua kupitia wanafunzi. Walikuja kunakili humo, mimi nikawasomea juu ya bega. Siku moja hakuna wateja, mvua inapiga bati, nikatafuta Nkanka. Nikakuta sentensi mbili. Ya kwanza ilisema Nkanka ni sekta, yaani kata. Ya pili ilisema iko kando ya ziwa. Basi, imekwisha hapo. Watu wanazaliwa pale, wanalima, wanavua, wanaoana na kuzikana, halafu dunia nzima inaambiwa ni sekta. Nilichukia, na mimi nikichukia huwa naandika.

Niliandika juu ya ngazi kwa sababu ndicho kitu nilichokijua vizuri kuliko vyote. Mama yangu mkubwa, dada wa mama yangu, anakaa pale juu, mahali ngazi zinapoanzia. Aliolewa Nkanka akiwa msichana, na wakati huo kutoka barabarani mpaka gatini, kule mitumbwi inakoleta sambaza, vidagaa vya ziwa letu, palikuwa na mteremko wa udongo tu. Mvua ikinyesha, mama ana kitunga cha ndizi kichwani, anashuka kwa makalio. Wengine walivunjika. Wanawake wakachoka, wakapatana: kila mama anayeshuka siku ya soko abebe jiwe moja juu ya kitunga chake, alitue pale jiwe la jana lilipoishia. Usipokuja na jiwe, huna mahali pa kutandika kikwembe chako na kuuza. Mjamzito alisamehewa, na mwenye kichanga. Wengine wote walibeba, hata waliotoka Mururu na maparachichi matano. Miaka ikapita, jiwe juu ya jiwe, mpaka ngazi zikafika majini.

Hayo ndiyo niliyoandika, na nikaongeza kwamba aliyetoa wazo la mawe ni mama yangu mkubwa, maana hivyo ndivyo nilivyosimuliwa tangu utotoni. Na hayo ndiyo yaliyofutwa.

Nikayarudisha. Akafuta. Nikayarudisha, nikaandika kwamba anayetaka chanzo ashuke Nkanka akajionee. Mhariri huyo akafuta tena, na safari hii akaniandikia kwenye ukurasa wa majadiliano, kwa adabu ambayo ilinichoma kuliko matusi. Aliniita "ndugu mchangiaji". Akaeleza kwamba kamusi elezo haipokei mambo ambayo mtu anayajua kwa kuyaona au kusimuliwa. Inataka maandishi yaliyochapishwa na mtu mwingine, ambayo msomaji yeyote anaweza kuyafungua na kuhakiki. Kiswahili chake kilipigwa pasi. Sijui alikuwa anaishi wapi, lakini nilimwona amekaa mahali penye feni, umeme haukatiki, na hajawahi kubeba ndizi hata chana moja.

Halafu akauliza kama nina uhusiano wowote na mtu niliyemtaja. Nikamjibu kwamba Nkanka ukitafuta mtu asiye na uhusiano na mwingine itabidi umtoe nje. Nikamrudishia aya yangu mara ya nne. Mkabidhi mmoja, ndivyo wanavyowaita wakubwa wao kule, akanifungia siku nzima nisiandike, "ili mjadala upoe". Mjadala ulipoa peke yake. Mimi siku ile nilimgombeza hata mpita njia.

Nilipofunguliwa nilikuta jambo baya zaidi. Yule mhariri alikuwa ametafuta chanzo mwenyewe, na alikipata. Ukurasa sasa ulisema kwamba ngazi za mawe zilijengwa na mkuu wa mradi wa maendeleo, na mwisho wa sentensi kulikuwa na kile kinamba kidogo cha tanbihi. Ukikibonyeza kinakupeleka kwenye kijitabu cha koperativi ya gati, ambacho mtu alikuwa amekipiga picha na kukiweka mtandaoni miaka iliyopita. Kina jalada, kina muhuri. Ati mkuu wa mradi. Mwanamume ambaye hakuna mtu Nkanka anayemjua, amepewa ngazi za watu kwa namba ndogo kama kichwa cha sindano.

Ningeweza kuacha hapo. Dada yangu aliniambia niache, watu wana shida za kweli. Lakini wiki hiyohiyo Maman mkubwa alinipigia simu, naye si mtu wa kupiga simu. Simu kwake ni kitu cha kupokelea. Alisema koperativi inataka kusimika ubao wa bati pale juu ya ngazi, kueleza wageni historia ya mahali. Ubao utasimikwa mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi. Yeye alikwenda kwa katibu wa koperativi kumweleza habari ya mawe. Katibu ni mtu mgeni pale, mpole, aliyerudi kutoka Congo kama mimi. Alimsikiliza, akatoa simu mfukoni, akamsomea ile sentensi ya mkuu wa mradi.

"Alinambia, Maman, iko ndani ya internet," alisema Maman mkubwa. "Ni weye unajua mambo ya internet. Mimi sitakuwa hapa siku nyingi. Sitaki kupita mbele ya ile bati kila siku, inasema mawe yangu ni ya muntu sijue."

Hakulia. Ningependa angelia, ningepata la kufanya. Alikata simu, na mimi nikabaki na mwisho wa mwezi.

Nikafungua kile kijitabu ili nikitafutie makosa. Nilitaka kumwonyesha mhariri kwamba chanzo chake ni takataka. Nilianza na jalada. Lilikuwa limezungushiwa fremu ya maua. Fremu ile naijua. Kila kitu nilichoandika miaka ile nilikizungushia maua yale, ripoti, harusi, hata tangazo la mazishi, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kuyaweka na nilijiona fundi. Nikaenda ukurasa wa ndani. Jedwali lenye mstari mmoja uliopinda. Ni mimi. Vichwa vya habari vimepigiwa mistari miwili chini. Ni mimi. Nikafika kwenye sentensi yenyewe: mkuu wa mradi alijenga njia ya mawe iliyounganisha kituo na barabara.

Kituo? Gati lile halijawahi kuitwa kituo na mtu yeyote.

Hapa inabidi nieleze tunavyofanya kazi, na najua wenzangu wa sekretaria watanichukia. Mteja anakuja saa tano, anataka ripoti saa sita, mkutano unaanza. Hana kitu mkononi ila karatasi mbili zilizolowa jasho. Unamuuliza ni koperativi ya nini, anasema ya samaki. Unafungua ripoti ya mtu mwingine, labda ya mchele wa Bugarama, unaihifadhi kwa jina jipya, unatoa mchele, unatia samaki. Ndiyo maana koperativi zote za wilaya hii zina shukrani zilezile, changamoto zilezile na mapendekezo yaleyale. Tunaita kuandika juu ya nyingine. Wateja wenyewe ndio wanaoomba: unayo ya mwaka jana, Maman? Badilisha tu majina. Mara nyingi hakuna madhara, maana hakuna anayesoma. Mara moja tu mwaliko wa harusi ulitoka hapa na jina la baba wa bwana harusi wa wiki iliyotangulia, na ukoo mzima ukaja kunisimamia mlangoni.

Flashi zangu za zamani ninaziweka ndani ya kopo la biskuti. Nilizimwaga mezani, nikazichomeka moja baada ya nyingine, wateja wakingoja na kuguna. Kwenye ya sita nilipata ripoti ya kituo cha kuoshea kahawa cha Mururu. Ilikuwa ya zamani kuliko kijitabu. Na ndani yake ilikuwemo sentensi ile, neno kwa neno, na huko ilikuwa kweli: mkuu wa mradi wao alijenga njia ya mawe iliyounganisha kituo na barabara. Nilipoandika kijitabu cha gati nilitoa kahawa, nikatia sambaza, nikatoa Mururu, nikatia Nkanka. Huyo bwana nikamsahau ndani. Alibaki amekaa pale kama mgeni aliyepitiwa na usingizi kwenye kiti, na miaka ikapita, na mtu akampiga picha akamweka mtandaoni, na mhariri wa mbali akamkuta akamwamini.

Kwa hiyo aliyempokonya Maman mkubwa mawe yake ni mimi. Si mhariri, si katibu. Mimi, na maua yangu.

Nilifunga duka mapema. Aibu niliyoisikia sikuwahi kuisikia tangu shule. Halafu, nisijifanye mtakatifu, aibu ilipopoa kidogo nilianza kufikiri kama fundi. Wanataka maandishi? Nina mashine. Wanataka jalada na muhuri? Nimepiga chapa majalada ya nusu ya wilaya. Kesho yake nilitengeneza karatasi safi kabisa, kumbukumbu za kikao cha akina mama wa gati, nikaweka tarehe ya zamani, nikaeleza habari ya mawe yote, kweli tupu kila neno isipokuwa tarehe. Nikaichapa kwenye karatasi ya rangi ya maziwa ili ionekane kongwe. Ilikuwa imebaki kitu kimoja tu, kidole gumba cha Maman mkubwa. Nikapanda pikipiki mpaka Nkanka, karatasi iko ndani ya bahasha, kidau cha wino kiko mkobani.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anachambua maharage. Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ilikuwa hivyo. Halafu akaniuliza karatasi ni ya lini. Nikamtajia tarehe niliyoiweka.

"Ile mwaka ulikuwa wapi?"

Nilikuwa Bukavu, darasani.

"Huyo muntu wa internet anasema nini kabisa?"

Nikamweleza. Anasema nilete kitu kinachoshikika, kilichotoka kwa mtu mwingine, siyo mdomo wangu tu, maana mdomo kila mtu anao.

Alicheka, meno yake yote yaliyobaki yakaonekana. "Basi iko na haki. Anakuuliza jiwe. Sisi pia tulikuwa tunauliza. Bibi ya katekista alishuka siku moja mikono mitupu, anasema, munanijua, bwana yangu munamujua. Tukamurudisha kule juu. Alilia, lakini alirudi na jiwe. Na weye unataka kumuletea huyo muntu jiwe ya kuiba?"

Nikamwambia si ya kuiba, ni ya kweli. Akarusha harage bovu kwa kuku.

"Na ile jiwe ya bwana wa mradi, nani aliileta?"

Hilo sikuwa nimepanga kulisema. Nilikuwa nimepanga kulipeleka kaburini. Lakini aliniangalia, na mimi kwa Maman mkubwa sina umri.

"Ni mimi, Maman," nikasema. Nikamweleza kahawa, sambaza, flashi, kila kitu.

Alirudia kuchambua maharage. Nilikuwa nimeanza kutafuta viatu vyangu kwa macho.

"Basi anza kwa kuitoa," alisema. Akachukua ile karatasi yangu ya rangi ya maziwa, akaiweka chini ya sinia, upande wa maharage mabovu.

Nilirudi Kamembe nina hasira, safari hii hasira yenye kazi. Nilipiga picha kurasa mbili, ya Mururu na ya gati, nikaziweka pamoja, nikaziweka kwenye ukurasa wa majadiliano. Nikaandika bila kujipaka mafuta: mimi ndiye niliyeandika kijitabu hiki dukani kwangu. Niliandika juu ya ripoti nyingine. Sentensi mnayoitegemea ni mabaki. Tazameni neno kituo, ambacho Nkanka hakipo. Mmekataa kuniamini niliposema kweli, mkaniamini nilipokosea, kwa sababu nilipokosea nilikuwa na jalada. Sasa itoeni sentensi hiyo, na kama mnataka kunifungia tena, nifungieni, lakini huyo bwana hatalala tena kwenye ngazi za watu.

Jibu lilikuja kesho yake mchana. Yule mhariri alisema amelinganisha picha na picha, na kwamba hajawahi kuona mtu anashambulia chanzo kwa kukiri kosa lake mwenyewe. Sentensi ya mkuu wa mradi akaiondoa. Lakini habari ya akina mama hakuirudisha. Alisema kosa la chanzo kimoja haligeuki kuwa ushahidi wa kingine. Ukurasa ukabaki unasema kwamba Nkanka kuna ngazi za mawe kutoka barabarani hadi gatini. Nani alijenga? Kimya.

Nilimtukana kimoyomoyo matusi ya Bukavu na ya huku, yote niliyokuwa nayo. Halafu nikajua, na kujua kwenyewe kuliniudhi, kwamba hata mimi kama ningekuwa yeye ningefanya vilevile.

Siku nne kabla ya umuganda, katibu wa koperativi akaingia dukani kwangu. Alikuja na flashi yenye maandishi ya ubao wa mahali pengine, pwani nyingine ya ziwa, akaomba nibadilishe majina tu. Ya Nkanka, akasema, yamo kwenye simu. Akafungua, akashuka na kidole, akapanda, akashuka tena.

"Juzi palikuwa na mkuu wa mradi hapa," akasema.

Nikamwambia ametoka.

"Sasa ni nani alijenga?"

"Internet haijui, Papa. Wanaojua wako Nkanka."

Alisema basi tuandike kwamba zilijengwa zamani, inatosha. Nikamwambia kwenye mashine hii neno hilo haliandikwi. Akasema kuna sekretaria nyingine ng'ambo ya barabara. Nikamwambia aende, nayo ni ya mwanafunzi wangu, itafungua faili langu la zamani na kumletea bwana yuleyule wa mradi, na ubao utakuwa wa aibu mpaka bati lioze. Akasema basi twende. Nilikuwa nimeshachukua kufuli. Nikafunga duka nikiwa na wateja wawili kwenye benchi, jambo ambalo sijawahi kufanya hata nikiwa na homa, tukapanda pikipiki mbili.

Maman mkubwa alikuwa ameketi pale juu ya ngazi na wenzake wawili, wazee kama yeye, waliobakia katika wale wa mwanzo. Nilikuwa nimempigia simu, akawakusanya. Katibu akasalimia kwa heshima zote, akatoa daftari, akaanza kushuka. Maman mkubwa akanyoosha fimbo yake, akaiweka mbele ya viatu vya katibu vilivyong'arishwa.

"Jiwe yako iko wapi?"

Alidhani ni mzaha. Aliwatazama wale wengine wawili, nao hawakucheka. Akanitazama mimi, nikatazama ziwa. Basi akarudi barabarani, akainama na suruali yake ya ofisini, akaleta jiwe la ukubwa wa papai. Alilishika mikononi, wakamwambia halikai hivyo. Yule mama wa kushoto akavua kitambaa chake, akakisokota ngata, akamwekea kichwani. Mimi sikusamehewa, nilibeba langu.

Tulishuka polepole, wakituonyesha. Hapa palibomoka mvua, wakaanza upya. Hapa ni mawe meupe ya mwenzao aliyefariki akijifungua. Yeye alipenda meupe, aliyatafuta mbali. Hapa panainuka kwa sababu mwamba ulikataa. Katibu aliandika akisimama, jiwe liko kichwani, mkono mmoja unalishikilia, shingo imekaza. Mimi nilikuwa nangoja wafike kwenye sehemu yangu, ya nani alitoa wazo. Na walipofika, wakagombana. Maman mkubwa akasema ni yeye. Mama wa kushoto akasema si yeye, ni marehemu wa mawe meupe. Wa kulia akasema wazo lilitoka kwa mama wa Mururu aliyeteleza akavunjika mkono. Walibishana ngazi kumi nzima. Mimi nilitaka kuingilia, nikataja nilivyosimuliwa, na Maman mkubwa mwenyewe akaninyamazisha.

"Kama hatusikilizani, isiandikwe," alisema. "Andika ile tunasikilizana."

Hivyo katibu akaandika waliyokubaliana: kwamba akina mama wa gati walizijenga, kwamba kila mmoja alibeba jiwe siku ya soko, kwamba asiye na jiwe hakuuza, na majina ya wote waliowakumbuka kwa pamoja. La nani alianza likaachwa. Aya yangu, ile niliyoipigania mpaka nikafungiwa, ilikuwa na sentensi moja ambayo wenyewe hawakuikubali. Sikufurahi kulijua hilo, na bado silifurahii.

Tulirudi Kamembe. Katibu akanipa tena ile flashi yake ya ubao wa watu wengine, kwa mazoea, nikamrudishia mkononi. Nikafungua ukurasa mtupu. Sijui ni miaka mingapi nilikuwa sijafungua ukurasa mtupu kwa kazi ya mteja. Ulikuwa mweupe mno, nilikaa nikiuangalia. Niliandika polepole, kisha nikampigia simu Maman mkubwa, nikamsomea kila mstari wenzake wakiwa pembeni, wakasahihisha jina moja. Maua sikuweka.

Jumamosi ile baada ya umuganda ubao ulisimikwa. Fundi aliyekuja kuupigia zege alikuwa mtu wa Bugarama, na alipoambiwa sheria ya pale alikwenda mwenyewe kutafuta jiwe kabla hajagusa sepetu. Majina siyaandiki hapa; wenyewe wamesema yakae pale. Maman mkubwa hajui kusoma. Alinishika mkono akaniambia nimwonyeshe lake liko wapi, nikamwonyesha, akaweka kidole juu ya rangi ambayo haijakauka vizuri. Alama ya kidole chake iko pale mpaka leo.

Niliupiga picha ubao, nikaiweka kwenye kamusi elezo, na nikaandika sentensi moja tu: kwa mujibu wa ubao wa koperativi, ngazi zilijengwa na akina mama wa gati. Nikaweka kinamba kidogo. Sikungoja hata saa moja. Yule mhariri akauliza, kwa adabu ileile, maandishi ya ubao yametegemea nini.

Nilimjibu siku hiyohiyo, na jibu langu bado liko pale, hakuna aliyelifuta. Nilimwandikia kwamba yametegemea wanawake watatu walio hai, ambao wamekataa kuandikwa hata jambo moja wasilokubaliana wote, na kwamba kanuni yao ni ya zamani kuliko yake, na ni kali kuliko yake. Kama bado ana shaka, nauli ya pikipiki kutoka hapa dukani nitamlipia. Ila akifika pale juu asiseme munanijua. Abebe jiwe, kama kila mtu.